Nchi ya Maweni na Wenyewe

Msafiri atokaye mjini kwenda Makunduchi huona nchi mbili katika kisiwa kimoja. Kwanza hupita chini ya minazi na miembe, penye udongo mzito na migomba iliyonawiri, na nyumba zimefuatana hata asiweze kujua kijiji kimoja chaishia wapi na kingine chaanzia wapi. Kisha, akiisha kuiacha Tunguu nyuma na kuukaribia msitu wa Jozani, minazi yapungua, mawe yatokeza juu ya ardhi kama meno, na vichaka vyashika pande mbili za njia. Aweza kwenda maili kadha wa kadha asione paa la nyumba. Akiwa ni mgeni, hulisema neno ambalo wageni wamelisema tangu zamani, kwamba huku ni pori tupu lisilo mwenyewe. Neno hilo ndilo nitakalo kulichungua katika makala haya, maana si neno la msafiri mchovu tu. Limepata kuingia hata katika sheria, na kila lilipoingia limewatia wenyeji mashakani.

Kisiwa cha Unguja ni jiwe la matumbawe lililoinuka kutoka baharini. Upande wa magharibi jiwe hilo limefunikwa na udongo wa kina. Upande wa mashariki na wa kusini liko wazi, au lina udongo haba uliojificha ndani ya nyufa na mashimo. Wakulima wetu, ambao hawakungoja wataalamu, wana jina la kila namna ya udongo: kichanga ni ule wa mchanga mchanga, kinongo ni ule mwekundu wa kina upendwao na mikarafuu, kinamo ni ule ushikao maji katika mabonde ya mpunga, uwanda ni udongo mwembamba juu ya jiwe, na maweni ni jiwe lenyewe. Wataalamu waliokuja baadaye kuupima udongo wa visiwa hivi waliyatumia majina hayohayo, na sidhani kama wangalipata bora kuliko hayo.

Sasa tazama watu walivyokaa juu ya udongo huo. Mkoa wa Kusini Unguja, wenye wilaya mbili, ya Kati na ya Kusini, una kilomita za mraba 854, ambazo ni zaidi ya nusu ya kisiwa. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa humo watu 195,873. Mkoa wa Mjini Magharibi, ambao ni kilomita za mraba 230 tu, ulikuwa na watu 893,169. Na hao wa Kusini wenyewe, wengi wao wakaa upande wa Wilaya ya Kati ulio karibu na mji, ambako mji wafurika kama uji chunguni. Ukienda mbele zaidi, watu ni wachache, nao wamekusanyika katika vijiji vikubwa kama Chwaka, Bwejuu, Paje, Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi, ambavyo karibu vyote vimeielekea bahari. Nyuma ya vijiji hivyo ndiko liliko hilo liitwalo pori.

Kwa nini ni wachache? Jibu tulilolizoea ni kwamba udongo wa huko ni maskini. Jibu hilo si uongo, ila halitufikishi mbali, kwa sababu halielezi jinsi watu hao wachache walivyoweza kula na kuzaa na kujenga misikiti huko kwa karne nyingi. Lazima kwanza tuujue ukulima wao.

Mkulima wa maweni hana shamba moja alilimalo mwaka hata mwaka. Huchagua mahali ambapo kichaka kimekomaa, akakata miti kwa shoka na mundu, akaiacha ikauke, akaichoma moto kabla ya mvua za masika. Jivu ndilo mbolea yake. Jembe huko halina kazi kubwa, maana likipigwa chini hurudi na cheche. Hutumia muo, yaani mti uliochongwa ncha, au kipande cha chuma kilicho mfano wake, akautia katika ufa wenye udongo wa kiganja kimoja, akapanda mbegu yake humo. Na mimea huota. Huota mtama na mawele, mahindi, mihogo, kunde, choroko na mbaazi, na zamani zetu hizi tungule na pilipili ziletwazo mjini kwa magari. Mawe yanayong'olewa hupangwa kuzunguka konde, moja juu ya jingine, bila chokaa wala udongo, yakawa ukuta wa kuwazuia nguruwe mwitu. Asiyepata kuona kazi ya nguruwe hawezi kuufahamu ukuta huo. Kundi moja likiingia konde usiku mmoja laweza kuimaliza mihogo iliyongojewa mwaka mzima, na asubuhi mwenyewe hukuta mashina yamelala tu.

Baada ya miaka miwili au mitatu nguvu ya jivu imekwisha na magugu yameshinda. Hapo mkulima huliacha konde lipumzike, akaenda kukata kwingine. Lile la kwanza huota kichaka tena, na itapita miaka mingi kabla halijafaa kulimwa mara ya pili. Na tufanye hesabu, msomaji, kama tuwafundishavyo watoto. Tuseme nyumba moja yalima eka tatu, nazo zalimwa miaka mitatu kisha zapumzishwa miaka 12. Nyumba hiyo, basi, haitoshewi na eka tatu. Yahitaji eka 15, na katika hizo 15, eka 12 zaonekana ni mwitu mtupu siku zote. Mgeni apitaye njiani huziona hizo 12. Mwenyewe akimwambia, "Hili ni konde langu," mgeni hucheka, kwani aona miti na nyani. Lakini zikikatwa hizo 12 kabla ya wakati wake, au akipewa mtu mwingine, hata zile tatu hazitazaa kwa muda mrefu. Uchache wa watu ni sehemu ya ukulima wenyewe, kama vile jivu na mvua zilivyo sehemu yake.

Hapa yafaa nilitaje jambo ambalo husimuliwa mara nyingi kuhusu watu wa kusini, nalo ni kwamba walifukuzwa katika ardhi njema wakasukumwa mawemi mwao. Kisa hicho kina ukweli ndani yake. Sayyid Said bin Sultan alipoyahamishia makao yake Unguja, katika miaka iliyo kati ya 1832 na 1840, mikarafuu ilikuwa imekwisha kuanza kupandwa, na kwa muda mfupi ardhi ya kinongo upande wa magharibi ikawa mashamba ya matajiri, yakilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Wenyeji waliokuwa wakikaa huko walipungukiwa na mahali, na wengi walihamia mashariki na kusini. Hata jina la Wahadimu, ambalo wamekuwa wakiitwa, latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi, na katika zama hizo walitakiwa kutoa kodi na kazi.

Walakini si kweli kwamba maweni yalikuwa matupu yakiwangoja hao waliohama. Nenda Kizimkazi Dimbani ukautazame msikiti wa kale. Katika ukuta wa kibla mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, nayo yataja mwaka 500 wa Hijra, ambao ni mwaka 1107 kwa hesabu ya Kizungu. Msikiti wenyewe umejengwa upya katika karne za baadaye, lakini maandishi yangaliko. Watu waliokuwa na mafundi wa kuchonga hati kama ile hawakuwa wakimbizi. Walikuwa wakikaa hapo, juu ya jiwe hilohilo, miaka 700 kabla mkarafuu wa kwanza haujatiwa katika udongo wa Unguja. Kwa hiyo waliohama walikwenda kwa ndugu zao, katika nchi iliyokuwa na taratibu zake, nao wakaingia katika taratibu hizo.

Taratibu hizo zilikuwaje? Juu ya wote alikuwako Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, ambaye katikati ya karne ya 19 alijijengea kasri huko Dunga, katika njia iendayo Chwaka. Alikuwa na ngoma zake na siwa yake, alama za ufalme, ambazo ziliwahi kuwekwa katika makumbusho mjini. Mwinyi Mkuu Muhammad alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmad alipofariki mwaka 1873 hakutawazwa mwingine. Chini ya Mwinyi Mkuu walikuwako masheha, mmoja katika kila mji, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukusanya kodi na kuleta amri.

Lakini sheha alikuwa mtu wa mtawala. Mji wenyewe ulikuwa na watu wake. Nasema mji, kwa sababu katika desturi ya kusini mahali kama Makunduchi hapakuhesabiwa kuwa kijiji tu; palikuwa mji, ijapokuwa nyumba zake ni za mawe na udongo zilizoezekwa makuti, na watu wake ni wakulima na wavuvi. Na mambo ya mji yaliamuliwa na wazee wanne, walioitwa Watu Wanne. Huko Makunduchi yajulikana mitaa ya Kajengwa, Mzuri, Nganani na Kijini. Watu Wanne ndio waliosikiliza ugomvi wa mipaka, ndio walioulizwa na mgeni atakaye kulima, na ndio waliosimama kwa ajili ya mji mbele ya sheha. Pamoja nao alikuwako mvyale, mwanamume au mwanamke, aliyejua mizimu ya mahali na ambaye kwa desturi huulizwa kabla msitu haujakatwa. Mimi ni mwalimu niliyelelewa katika misheni, wala sina haja ya mizimu. Lakini nikitazama kwa jicho la historia naona kwamba mtu ambaye lazima aulizwe kabla ya kukata msitu ni mtu aijuaye tarehe ya kila kichaka, na mji usio na karatasi ulimhitaji sana.

Sheria yenyewe ya ardhi ilikuwa hivi. Ardhi ilikuwa ya kiambo, yaani ya ukoo uliokaa hapo tangu mababu, na mtu mmoja hakuweza kuiuza kwa mgeni. Alichokuwa nacho mtu mmoja ni haki ya kulima, na konde alilolikata yeye liliendelea kuwa lake hata lilipopumzika. Mti ulikuwa jambo jingine. Mnazi ni wa aliyeupanda na warithi wake, hata ukiwa umesimama katika ardhi ya watu wengine. Mtu aweza kuuza minazi yake kumi na ardhi iliyo chini yake isiuzwe hata shubiri. Haki hiyo ya kiambo hupatikana kwa baba na kwa mama, nayo huwafikia wanaume na wanawake. Mgeni alipewa mahali pa kulima akiisha kuomba, lakini kupanda mnazi ni jambo aliloombea ruhusa kwa nafasi yake, maana mihogo hung'olewa na mnazi hukaa miaka 60. Hata pwani haikuachwa bure. Yale mashimo ya mchangani wanamofukia makumbi yaoze ili wasokote kamba, kila mwanamke wa Jambiani au Makunduchi alijua lake.

Msomaji aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya Unguja peke yake. Na atazame mbali, huko Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, ambako nchi ni nyanda za majani hata upeo wa macho. Huko wana serikali ndogo za mashambani, kila moja kwa kawaida ikiwa na upana wa maili 18 na urefu wa maili 18, yaani maili za mraba 324. Mkoa wetu wa Kusini ni maili za mraba 330 hivi. Tofauti ni ndogo sana. Serikali moja ya namna hiyo hugawanywa katika sehemu sita, kila sehemu huchagua diwani wake, na juu yao huwa mwenyekiti achaguliwaye na wote. Wako wanne kwetu, sita kwao; na nyingi katika serikali hizo zina watu mia chache tu, wakulima wa ngano na mifugo, nyumba moja mbali na nyingine hata moshi wa jirani hauonekani. Hakuna asemaye kwamba nchi hizo hazina wenyewe.

Lakini hapo kwanza ilisemwa hivyo. Nyanda zile zilikuwa za Wakree na makabila mengine, ambao walimfuata nyati mwitu katika safari zake, na kwa hiyo hawakujenga mahali pamoja. Mwaka 1872 Serikali ya Kanada ilitoa sheria kwamba mtu yeyote alipaye ada ya dola 10 apewe eka 160, naye akikaa hapo na kulima miaka mitatu ziwe mali yake. Mkataba uliohusu upande wa kusini wa Saskatchewan ya leo ulitiwa sahihi na machifu mwaka 1874, miaka miwili baada ya sheria kutoka. Wapima ardhi wakaigawa nyanda kwa miraba ya maili moja moja, kama daftari la hesabu. Ajabu ni kwamba wakulima wale wapya nao walijifunza kupumzisha ardhi. Kwa kuwa mvua ni chache, waliacha sehemu ya shamba bila mbegu mwaka mzima ili lihifadhi maji, na hati zao zililinda hata sehemu isiyo na shina moja la ngano. Hati ilimtosha mtu kuwa mwenyewe, shamba lilimwe lisilimwe. Mkulima wa Jambiani, ambaye konde lake lililopumzika lina kichaka cha kumpa jivu kesho, hakuwa na hati, na hilo ndilo lililomponza.

Maana neno la pori tupu lilifika kwetu pia. Unguja ilipokuwa chini ya himaya ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1890, sheria ya ardhi ya umma ya mwaka 1921 iliweka mikononi mwa Serikali nchi tupu isiyokaliwa. Maneno hayo yasomeka vizuri katika karatasi. Lakini ni nani atakayesema ipi ni tupu? Konde lililopumzika miaka kumi halina nyumba, halina mazao, halina uzio ila mawe yaliyofunikwa na mimea. Kwa macho ya karani ni tupu, na kwa macho ya mwenyewe ni akiba. Kwa bahati njema nchi ya maweni haikuwa na wengi walioitamani siku zile, kwa hiyo sheria ililala. Na baadhi ya maofisa walitaka kujua ukweli. Bwana Pakenham, ofisa wa Serikali, alikaa na wazee wa Chwaka akaandika desturi zao za ardhi, na kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1947. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1961, mtaalamu Middleton alitoa kitabu kingine juu ya ardhi ya Unguja nzima. Hivyo, pori lile likaonekana katika maandishi kuwa na mipaka, majina na warithi.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Tarehe 8 Machi mwaka huohuo Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na sheria yake ikaandikwa mwaka 1965. Mashamba ya matajiri yaligawanywa eka tatu tatu kwa wasio na ardhi, na maelfu ya watu walipata minazi na mikarafuu ambayo baba zao waliichuma kwa ujira tu. Tendo hilo liliwapa watu wa mashamba ya magharibi heshima ambayo hawakuwa nayo. Huko maweni, hata hivyo, mgawanyo ule haukuwa na mengi ya kufanya, na ni vyema. Maana kama tulivyoona katika hesabu yetu, mtu aliyefungiwa katika eka tatu za jiwe miaka yake yote amepewa njaa yenye mpaka. Watu wa kusini waliendelea kulima kama walivyolima, na wazee waliendelea kuulizwa, ila mwenye ardhi katika sheria sasa alikuwa Serikali, na sheha aliteuliwa na Serikali, kama ateuliwavyo hata leo na Mkuu wa Mkoa.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya mahali ambapo hakuna mkulima aliyepahesabu. Kati ya nyumba za vijiji vya mashariki na bahari kuna ukanda wa mchanga mweupe, wenye minazi michache, usiofaa kwa mtama wala mihogo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watalii walianza kuupenda ukanda huo. Karibu na wakati huohuo, mwaka 1989, kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, na wanawake wakapata kuingia baharini maji yakitoka, wakifunga mwani katika kamba zilizonyoshwa kati ya vigingi; kwa mara ya kwanza wengi wao walishika fedha zao wenyewe. Sheria mpya ya ardhi ilitoka mwaka 1992. Hoteli zikajengwa moja baada ya nyingine, kutoka Nungwi kaskazini mpaka Jambiani na Kizimkazi kusini.

Hapa ndipo ile desturi ya mti na ardhi ilipogeuzwa isivyotarajiwa. Kwa kuwa ardhi ni ya Serikali na mti ni wa mtu, aghalabu kilicholipwa kwa mwenyeji ni thamani ya minazi na mazao yake. Mnazi ukalipwa, na mahali uliposimama pakatolewa kwa mkataba. Mwenye minazi alipokea fedha akaezeka bati. Kiambo, ambacho kwa desturi ndicho chenye mahali, hakikupokea kitu kwa sababu katika sheria hakijulikani. Wengine waliuza kwa hiari, na wengine waliuza kisichokuwa chao peke yao, wala wazee hawakuulizwa. Siwalaumu wawekezaji peke yao; ndugu amemuuzia mgeni njia ambayo ndugu yake huipitia kwenda kwenye mwani wake, na kesi kama hizo ni ngumu kuliko za mgeni na mwenyeji. Kwa upande mwingine liko jambo la kutazamwa kwa matumaini. Msitu wa Jozani na Ghuba ya Chwaka ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, vijiji vya jirani viliendelea kupewa fungu la ada walipazo watalii. Mkulima wa Pete aliyeliwa mazao yake na kima punju hajafurahi kabisa, lakini angalau amekubaliwa kuwa yeye ni mtu anayehusika na msitu ule.

Limebaki neno moja kuhusu hesabu. Nimetaja sensa, na sensa huhesabu mtu mahali alipolala usiku ule. Lakini haki ya kiambo, kama nilivyosema, hupatikana kwa baba na kwa mama, wala haipotei kwa mtu kuhama. Hapa Kikwajuni, katika nyumba zetu za zamani na katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi, wako mafundi, makarani, walimu, wachuuzi na mama lishe ambao wazazi wao ni watu wa Makunduchi, Jambiani au Bwejuu. Katika sensa wao ni watu wa mjini. Ifikapo Julai, siku za Mwaka Kogwa, hupanda magari kwenda Makunduchi. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na katika siku hizo kila nyumba hutaka kuwa na mgeni. Sherehe ikiisha, vijana wa mjini huchukuliwa na wajomba zao nyuma ya mji, mpaka penye mawe yaliyopangwa, wakaonyeshwa mnazi huu ni wa nani, na kichaka kile kilikatwa mara ya mwisho na babu yupi, na mwaka gani kitakuwa tayari.